Jina Lililo Jema Kuliko Wana na Binti

Katika sura ya 56 ya Isaya yumo mtu ambaye sheria ilikuwa imekwisha kumfungia mlango. Kumbukumbu la Torati, sura ya 23, lilikuwa limesema wazi kwamba mwanamume aliyehasiwa asiingie katika mkutano wa Bwana. Kisha anatokea nabii na kutangaza kwamba "wala towashi asiseme, Mimi ni mti mkavu," na Mungu mwenyewe anaahidi kumpa, ndani ya nyumba yake na ndani ya kuta zake, jina lililo jema kuliko kuwa na wana na binti, jina la milele lisilokatiliwa mbali. Nililelewa katika kanisa la Kipentekoste hapa Nairobi na kumsikia Isaya akihubiriwa tangu utotoni, hasa sura ya 53, lakini sikumbuki mhubiri hata mmoja aliyefika 56 akatua hapo.

Mimi ni mwanamume ninayependa wanaume. Towashi wa Isaya si mtu wa aina yangu, na sitaki kuyalazimisha maandiko yaseme yasiyoyasema. Kinachonikutanisha naye ni hofu yake. Katika familia za Wakikuyu, yetu ikiwemo, mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na kwa njia hiyo mzee hurudi nyumbani hata akiwa amekwisha kuzikwa. Siku nilipomweleza mama habari zangu, hakunitajia jehanamu wala mchungaji. Aliniuliza, "Sasa mwanangu, jina la baba yako litarudi na nani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu swali lile nilikuwa nalo mwenyewe kwa miaka mingi, na nilikuwa nimekwisha kujihukumu kuwa mti mkavu kabla mtu mwingine hajaniita hivyo.

Marabi wa kale, walimu wa dini ya Kiyahudi, waliiona hofu hiyo pia. Katika Talmudi, mkusanyo mkubwa wa mijadala yao, kwenye risala ya Sanhedrini, wanajadili ahadi hiyo ya Isaya wakiihusisha na Danieli na wenzake waliochukuliwa hadi Babeli, ambao baadhi ya marabi walisema walifanywa matowashi huko, na wanauliza ni jina gani hilo la milele. Mmoja wao, Bar Kappara, anajibu kwamba ni Kitabu cha Danieli, kinachoitwa kwa jina lake. Nilipolisoma jibu hilo nilifikiria akina Daniel ninaowajua mimi, wa ukooni kwetu, wa shuleni, wa stejini, kila mmoja akibeba jina la mtu ambaye Biblia haimtaji mke wake wala mtoto wake. Nilimweleza mama hayo. Alinyamaza, kisha akataka nimwonyeshe ni aya gani, na hilo kwangu lilikuwa jambo kubwa.

Mimi si Myahudi. Sinagogi lililo kwenye makutano ya University Way na Uhuru Highway nalipita kwa matatu tu, wala sisemi kwa niaba ya wanaosali humo. Nilichokipata kwa Wayahudi ni namna ya kusoma, na nakiri kwamba ilinishtua, kwa maana nilikuwa nimefundishwa kwamba kuiheshimu aya ni kuacha kuiuliza maswali. Nilianza na ile niliyoiogopa zaidi, Walawi 18:22, inayomkataza mwanamume kulala na mwanamume, pamoja na 20:13 inayotaja kifo kwa tendo hilo. Kwa desturi ya kale, Walawi 18 husomwa katika masinagogi alasiri ya Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, ingawa jumuiya nyingi za Mageuzi, madhehebu ya Kiyahudi yenye mrengo wa kileo, huweka sura ya 19 mahali pake. Lakini alasiri ya siku nyingine za kufunga, Wayahudi wa desturi ya Ashkenazi, yaani ya Ulaya ya kati na mashariki, husoma Isaya hadi 56:8, pamoja na habari za towashi. Watu wale wale, wakiwa na njaa ile ile, huzisikia sauti zote mbili.

Torati hiyo hiyo inaamuru mwana mkaidi apigwe mawe. Marabi waliibana amri hiyo kwa masharti hata ikasemwa katika Talmudi kwamba mwana wa namna hiyo hakuwahi kuwako wala hatakuwako, na kwamba iliandikwa ili tuichunguze na kupata thawabu. Mnamo Desemba 2006, kamati ya sheria ya Wayahudi wa madhehebu ya Conservative, yenye msimamo wa kati, nchini Marekani ilikubali maoni ya marabi Dorff, Nevins na Reisner, yaliyosimama juu ya kauli ya Talmudi kwamba heshima ya binadamu ni kuu kiasi cha kushinda katazo. Walifungua njia ya marabi mashoga na wasagaji kuwekewa mikono. Aya yenyewe hawakuifuta, na katazo moja walilibakiza, lile la wanaume kuingiliana kwa njia ya nyuma. Siku hiyo hiyo kamati ilikubali pia maoni yaliyopinga. Kuna wanaouona uamuzi huo kuwa wa nusu nusu. Mimi nimeishi mahali ambapo heshima yangu haikuwahi kuwekwa kwenye mizani hata kidogo, kwa hiyo sidharau kupimwa huko.

Hapa kwetu, Mahakama Kuu ilikataa tarehe 24 Mei 2019 kuvifuta vifungu vya Kanuni ya Adhabu vinavyotuhusu, na kifungu cha 162 bado kinaweza kumfunga mtu miaka 14. Ndiyo maana naipenda sana sehemu moja ya Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi ambao Talmudi huufafanua, Sanhedrini 4:5, kwa kuwa nayo imewekwa mahakamani. Ni onyo wanalopewa mashahidi wa kesi ya kifo kabla hawajafungua kinywa: Adamu aliumbwa peke yake ili ujue kwamba anayeangamiza nafsi moja ni kama ameangamiza ulimwengu mzima; mwanadamu hupiga sarafu nyingi kwa muhuri mmoja zikafanana zote, bali Mungu amempiga kila mtu kwa muhuri wa Adamu na hakuna aliyefanana na mwenzake; basi kila mmoja na aseme, kwa ajili yangu uliumbwa ulimwengu.

Tuliisoma Jumamosi moja pale Ngara, sisi marafiki wachache tunaokutana kujisomea. Dada mmoja miongoni mwetu, ambaye kwao bado wanamwita kwa jina la kiume, aliuliza kama "kila mmoja" hapo ni pamoja na yeye. Hatukumjibu kwa haraka. Tulirudi mwanzo wa fungu tukasoma tena neno kwa neno, tukitafuta kama kuna aliyeachwa nje, asiye na ndoa, asiye na mtoto, wa mwili huu au ule, na hatukumwona. Kisha akaomba yeye ndiye aisome sentensi ya mwisho kwa sauti.