Umekuja giza: wiki yangu ya huduma Ukara

Mimi ni mtu wa Dodoma. Kabla ya kwenda kusoma chuo cha Biblia Mwanza, maji mengi niliyowahi kuyaona ni yale ya korongo la kijijini kwetu mvua kubwa ikinyesha. Kwa hiyo nilipopangiwa wiki ya huduma katika kisiwa cha Ukara, ndani ya Ziwa Victoria, kilichoninyima usingizi si mahubiri. Ni meli.

Mwanza hadi Nansio, mji wa kisiwa cha Ukerewe, saa tatu na zaidi, nilizimaliza salama kwa kutotazama nje. Mtihani wenyewe ulikuwa Bugolora, upande mwingine wa Ukerewe, unapopanda kivuko cha kwenda Ukara. Ni njia hii hii kivuko cha MV Nyerere kilipinduka tarehe 20 Septemba 2018, kimebakiza kidogo tu kufika gati ya Bwisya, Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Ilikuwa Alhamisi, watu wanatoka gulioni Bugolora na mizigo yao. Nilivuka nikiwa nimesimama jirani na maboya, najifanya naangalia mandhari. Mama mmoja mwenye kuku aliniona, akanisogezea boya moja kwa mguu bila kusema neno.

Nilikuwa na ratiba iliyochapwa. Asubuhi nyumba kwa nyumba, saa kumi jioni mkutano wa injili uwanjani, usiku maombi na wanaume. Jumatatu jenereta likaunguruma, kipaza sauti kikapiga mluzi, nikahubiri kwa nguvu zangu zote. Waliokuwepo: watoto sita, bibi wawili, na mzee wa kanisa ambaye nadhani alikuja kulinda petroli yake. Nyumba kwa nyumba ndiyo usiseme. Mlango wa kwanza baba amelala, wa pili amelala, wa tatu nikaambiwa na mtoto, "Baba kasema asiamshwe hata kwa polisi." Saa tatu asubuhi! Nikaandika kwenye daftari langu kwamba watu wa hapa wana tatizo la uvivu. Ule ukurasa nimeshauchana.

Jioni ile mama aliyenipokea kwake aliniwekea ugali wa muhogo na sato, akaniangalia nisivyokula.

"Pole, mtumishi. Umekuja giza."

Moyo ukanishtuka kwa furaha. Kumbe mama anaona hali ya kiroho ya mahali! Nikamjibu kwa Yohana sura ya kwanza, jinsi nuru inavyong'aa gizani, nikaenda nayo kama dakika tano. Alinisikiliza kwa adabu hadi nilipovuta pumzi, ndipo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mwanangu, nasema giza la mwezi."

Akanifundisha kitu ambacho mtoto wa darasa la pili wa pale anakijua. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Wakiona mwanga wanapanda juu, wavu unawazoa. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina kazi, basi wavuvi hupumzika, hushona nyavu, huenda harusini, na ndiyo, huja kwenye mikutano ya injili. Mwezi ukipotea, yaani giza, kila mwenye mikono yuko kazini. Wanaume huondoka jioni, saa ile ile niliyopanga mkutano, na kurudi alfajiri. Wanawake hupokea dagaa na kuanika mchana kutwa. Mimi na ratiba yangu tulikuwa tumetua katikati kabisa ya giza.

Ratiba nikaifunga kwenye begi. Jumanne, saa kumi na moja alfajiri, nikamfuata mama mwaloni, ufukweni mitumbwi inapotua.

Hapo ndipo wiki yangu ilipoanza. Mitumbwi inaingia, taa bado zinawaka, mabeseni yanapakuliwa yakitoa maji. Nikapewa beseni. Kuanika dagaa ni kazi ya kuinama: unawatawanya wembamba, kwa sababu wakirundikana wanaoza, kisha unawageuza, kisha unafukuza kunguru. Wenye chanja za kuanikia wanapata bei nzuri maana dagaa wao hawana mchanga. Wengi wanaanika chini tu. Hadi saa tano mgongo wangu ulikuwa unazungumza kwa lugha. Akina mama walinicheka, ila waliongea nami. Mmoja mtoto wake amefeli mtihani. Mwingine mume yuko kambi ya kisiwa kingine na hatumi hela. Tukaomba palepale, mikono inanuka samaki, hakuna aliyefumba macho muda mrefu kwa sababu ya kunguru.

Jumatano wingu lilikuja ghafla. Dagaa walionyeshewa huwa chakula cha kuku, na bei yake ni machozi. Nilikimbia na turubai kama nimezaliwa pale. Tuliokoa labda nusu. Siku ile hakuna aliyeniuliza tena nimetoka dhehebu gani.

Kwa wanaume, mzee wa kanisa aliniombea nafasi jioni, kabla hawajasukuma mitumbwi. "Fupi, mtumishi, upepo haungoji." Nilizoea kuhubiri dakika arobaini. Nikapewa mbili. Siku ya kwanza nilizidisha, nikabaki nahubiria mawimbi. Kufikia Ijumaa nilikuwa namaliza na amina wakiwa bado wameshika ukingo wa mtumbwi, na walianza kunitajia majina ya kuombea.

Ni mzee huyo huyo aliyenisimulia habari za wamisionari wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliouawa Desemba 1877 hapo Ukerewe baada ya kujikuta katikati ya ugomvi wa Omukama (mtawala) Lukonge na Songoro, mfanyabiashara mwenye majahazi. Nikamuuliza, kwa maoni yake, walikosea wapi. Akafikiri. "Waliingia kwenye mambo ya majahazi bila kuuliza kwanza." Halafu akaniangalia dagaa waliokaukia kwenye suruali yangu, akatabasamu.

Nidokeze na hili kwa atakayepangiwa visiwa: usioge ziwani, hasa mchana, hata wenyeji wakioga. Kichocho kipo. Mama alikuwa ananiwekea maji kwenye ndoo yanalala siku nzima kabla sijayagusa.

Jumapili waumini walikuwa wachache na nusu yao walisinzia, kwa haki kabisa. Walinifungia dagaa kwenye kiroba. Bwenini walidumu siku tatu.

Chuoni kulikuwa na fomu ya taarifa. Idadi ya waliohudhuria mikutano: Jumatatu, tisa, siku nyingine nikaweka mstari. Sehemu ya mapendekezo nikaandika maneno mawili: "Twende mbalamwezi." Mwalimu msimamizi aliniita ofisini, fomu mkononi, akaniambia lugha ya mafumbo ni nzuri kwenye mahubiri ila taarifa iandikwe wazi.