Kijana wa Lamu unayekwenda meli ya watalii, kuogelea hakutoshi

Kijana aliyekulia Lamu akipata kazi ya meza au ya vyumba katika meli ya watalii, huenda na kasoro moja: bahari anaijua mno. Akisikia hatari, akili yake inakimbilia majini. Mashua ikipinduka kwenye mlango wa Mkanda, hilo ni sawa, maana mikoko haiko mbali na wenye vyombo watafika. Meli yenye watu elfu tatu ni habari nyingine. Anayehitajika huko ni mtu wa kuwatoa watu mia mbili kwenye ujia wenye upana wa kichochoro cha Mkomani, katikati ya moshi, bila kukanyagana.

Ndiyo maana katika masomo ya STCW, yaani kanuni za kimataifa za mafunzo ya mabaharia (Bandari Maritime Academy kule Mombasa wanayafundisha), mimi ningekwambia usilale kwenye somo la kuongoza umati. Wengi huliona jepesi, wakatamani lile la kuzima moto.

Anza na honi. Milio mifupi saba au zaidi, kisha mmoja mrefu: kila mtu aende kituo chake cha dharura. Milio hiyo haisemi tuiache meli. Amri ya kuiacha hutoka kwa nahodha mwenyewe. Abiria hawalijui hilo, na wakiachiwa watazivamia mashua za kuokolea. Kabla ya honi, mara nyingi wafanyakazi huitwa kwenye spika kwa maneno ya siri. Katika kampuni nyingi "Bravo" ni moto na "Oscar" ni mtu kaanguka baharini, lakini kila kampuni ina yake, kwa hiyo soma kadi yako ya dharura siku ya kwanza, kabla hata ya kupanga nguo.

Ukipangiwa kukagua vyumba, gusa mlango kwa mgongo wa kiganja kwanza. Ukiwa wa moto usiufungue, toa taarifa. Ukiwa baridi, bisha, ingia, tazama chooni, kabatini na chini ya kitanda, kwani watoto hujificha. Ukitoka rudishia mlango ili moshi usipite, uuweke alama kama ulivyofundishwa, mwenzako asipoteze muda hapo tena. Lifti haziguswi. Msongamano mbaya huanzia ngazini, pale wanaorudi chumbani kuchukua jaketi okozi wanapokutana na wanaoshuka. Katika meli nyingi za sasa jaketi ziko kituoni. Waambie hivyo, kwa sauti kavu, tena na tena.

Ucheleweshaji ndio unaoua. Meli ya watalii Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012, kama saa 3:45 usiku. Amri ya kuiacha meli ilikuja zaidi ya saa moja baadaye, na watu 32 walikufa. Mashua za kuokolea hutengenezwa ziweze kushushwa meli ikiwa imelala hadi nyuzi 20. Ikipita hapo, za upande ulioinuka hukwaruza ubavu wa meli, na za upande wa pili huning'inia mbali, watu wasizifikie. Wako abiria waliopanda jioni ile ile na hawakuwa wamefanya zoezi lolote, maana sheria ya wakati huo iliruhusu lifanywe ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Tangu 2015 zoezi hufanywa kabla ya kung'oa nanga au mara tu baada yake.

Lakini mara nyingi meli haiachwi kabisa. Mwezi mmoja na nusu tu baada ya Concordia, katika bahari yetu hii, meli ya Costa Allegra iliungua chumba cha jenereta ikabaki bila umeme, na watu zaidi ya elfu moja ndani. Ilivutwa na meli ya uvuvi ya Kifaransa hadi Mahé, Shelisheli. Hapo kazi yako ni maji ya kunywa, vyoo na kuwatuliza watu gizani.

Ikifika kuondoka, watu wote wakishakusanyika na kuvaa jaketi, mashua zinatakiwa ziwe zimeshushwa ndani ya dakika 30. Mizigo hairuhusiwi, kila mtu akae na afunge mkanda. Wenzo wa kufungulia ndoano zinazoshikilia mashua usiuguse kama wewe si msimamizi wa mashua. Mabaharia wamekufa kwenye mazoezi kwa ndoano kufunguka mashua ikiwa bado juu hewani.

Chelezo cha kujaza hewa nacho kina mtego wake: funga kamba yake kwenye meli kwanza, ndipo ukitupe, kisha uvute mpaka kifure. Asiyefunga atakitazama kikienda na mkondo.

Ukiingia kwenye mashua, meza dawa ya kichefuchefu mara moja, hata kama umelelewa kwenye jahazi. Mashua iliyofunikwa, joto, harufu ya dizeli na watu 150 humtapisha hata nahodha, na anayetapika anapoteza maji ambayo hayarudishiki kwa urahisi: akiba ya humo ni lita tatu kwa kila mtu.