Jinsi nilivyowafundisha watoto kwamba Simbakubwa si simba

Mwalimu mwenzangu aliniambia nisijisumbue. "Wachoree simba mwenye meno marefu, wataelewa." Nikamsikiliza, na nilijuta. Watoto wangu wa gredi ya 5 walitoka darasani wakiamini Simbakubwa, mnyama wa kale aliyekwisha kutoweka, ni babu yake simba wa Maasai Mara. Kuling'oa wazo hilo kulinichukua wiki nzima, na mpaka leo linaniudhi.

Simbakubwa kutokaafrika, kwa jina lake kamili la kisayansi, alikuwa wa kundi la wala nyama waitwao hayenodonti. Hawakuwa simba wala fisi, na walitoweka wote bila kuacha kizazi. Taya lake lilichimbwa Meswa Bridge, huku kwetu magharibi mwa Kenya, likakaa miaka mingi kwenye droo ya makumbusho Nairobi. Mwaka 2019 ndipo wanasayansi Matthew Borths na Nancy Stevens walipomtangaza na kumpa jina. Meno yake ya chonge yalikuwa makubwa kama ndizi!

Wakaniuliza kama alipigana na dinosaria. Nilitandaza kamba uwanjani, mita moja kwa kila miaka milioni. Simbakubwa akaangukia mita ya 22. Dinosaria wa mwisho wako mita ya 66, nje kabisa ya geti. Hilo likaisha.

Kazi ilikuwa meno. Simba, mbwa na paka wana jozi moja tu ya magego ya kukatia nyama kila upande wa mdomo, la juu likipita kando ya la chini kama mkasi. Hayenodonti walikuwa na jozi tatu. Nilisema hivyo mara mbili, watoto wakanitazama tu. Basi nikanunua chapati kantini, zote hazikufika shilingi mia, nikaosha mikasi minne. Mtoto mmoja upande huu na mkasi wake. Upande wa pili watatu wamepangana bega kwa bega, chapati imenyooshwa mbele yao. Nikasema, "Kata!" Mara moja tu, kha! Huku chapati ina mpasuko mmoja, kule imebaki vipande vinne mezani. Darasa zima likapiga kelele. Chagua chapati za jana. Za moto hujikunja.

Kesho yake msichana wa dawati la nyuma alinijia kabla ya kengele. "Mwalimu, nimemchungulia paka wetu akipiga miayo. Ana mkasi mmoja tu, kama simba."