Chaneli 8 ya Houston: televisheni ya chuo kikuu, bure, na kwa nini antena yako haiipati

Ndugu anayetua Houston, awe katoka Mombasa, Mwanza au kambi ya Nyarugusu, hukimbilia kulipia kifurushi cha televisheni kwa mazoea ya nyumbani. Hapa chaneli kubwa zinaruka hewani bure. Huhitaji king'amuzi, kwani televisheni iliyotengenezwa kwa soko la Marekani kuanzia 2007 tayari inacho ndani yake. Ile uliyoibeba kutoka Dar haitakusaidia: Afrika Mashariki inatumia mfumo wa DVB-T2, Marekani ina ATSC. Tafuta ya hapa, hata ya mtumba.

Nyumba yenye watoto ianze na chaneli 8, KUHT, mali ya Chuo Kikuu cha Houston. Ilianza kurusha tarehe 25 Mei 1953, na ndiyo stesheni ya kwanza ya elimu isiyo ya biashara Marekani. Mwaka uliotangulia, tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilikuwa imetenga nafasi 242 kwa stesheni za aina hiyo, jambo lililopiganiwa sana na kamishna Frieda Hennock. Chuo kikaitumia nafasi yake kurusha masomo yenyewe, mengi usiku, ili aliyeshinda kazini naye asome. Siku hizi vipindi vingi vinatoka PBS, mtandao wa televisheni za umma Marekani: vya watoto, sayansi, historia na habari. Katikati ya katuni hapatangazwi soda wala midoli, na hilo pekee linatosha kwa mzazi.

Sasa antena, maana hapo ndipo wengi wanapokwama. Ile bapa ya kubandika dirishani, nyembamba kama karatasi, kwa kawaida imeundwa kwa masafa ya UHF, yaani ya juu, yenye mawimbi mafupi. Maandishi ya "HD" kwenye boksi ni ya muuzaji tu. Chaneli 8 iko VHF, masafa ya chini zaidi, kati ya megahezi 180 na 186, na mawimbi ya huko ni marefu kuliko antena hiyo inavyoweza kunasa vizuri. Dalili yake haifichiki: 2, 20, 26 na 39 zinaingia safi, halafu 8, 11 na 13 hazipo au zinakatika vipande-vipande. Usidanganywe na namba. Chaneli 2 hurushwa kwa masafa ya chaneli 35, ambayo ni UHF. Ya 8 hurushwa kwa 8 kweli.

Dawa ni antena ya zamani yenye mikono miwili ya kuvuta. Usiivute mpaka mwisho. Wimbi la megahezi 183 lina urefu wa mita 1.64 hivi, nusu yake, ukipunguza kidogo kwa ajili ya chuma chenyewe, ni sentimita 78. Kwa hiyo kila mkono uwe na sentimita 39, kama inchi 15 na nusu. Ilaze mikono yote miwili kama herufi T, ubavu wake ukitazama minara, ambayo iko upande wa Missouri City, kusini-magharibi mwa jiji. Kitanzi cha katikati ni cha UHF, kiache.

Picha ikiendelea kukatika, zima taa za LED na uchomoe chaja za bei rahisi moja baada ya nyingine. VHF huathirika sana na kelele za umeme kuliko UHF.

Kuhusu busta, kile kifaa cha kuongeza nguvu ya mawimbi ya antena: wanaoishi kusini-magharibi, karibu na minara, wengi hawaihitaji, na mara nyingi ndiyo inayoharibu. Ikizidiwa na redio za FM, huzalisha mawimbi ya masafa maradufu. Redio iliyo kati ya megahezi 90 na 93 ikizidishwa mara mbili inaangukia palepale kwenye 180 hadi 186. Itoe busta kwanza. Kama uko mbali na huwezi kuiacha, weka kichujio cha FM kabla yake, siyo baada.

Ukishapanga antena, ingia kwenye mipangilio, chagua "Antenna" au "Air". Ukiacha "Cable", televisheni itatafuta dakika kumi na isipate kitu. Tafuta chaneli upya kila unapohamisha antena, kisha bonyeza 8, nukta, 1. Usiishie hapo: 8.2 na zinazofuata ni chaneli kamili, mojawapo ya watoto.

Kuna wiki vipindi hukatizwa watu wakiombwa mchango. Hiyo siyo bili. Julai 2025 Bunge la Marekani lilifuta dola bilioni 1.1 zilizokuwa zimetengewa utangazaji wa umma kwa miaka miwili, kwa hiyo maombi hayo yameongezeka uzito, lakini asiyechangia hakatiwi.

Kwa mama au bibi anayejifunza Kiingereza, washa maandishi kwa kitufe cha CC. Vipindi vya watoto ndivyo vizuri kuanzia, maana wanaongea taratibu na maneno yanajirudia. Ghafla ukisikia Kihispania, au sauti ya mtu anayeeleza kila kinachoonekana, televisheni haijaharibika: kuna mtu amegusa sauti ya pili. Tafuta "Audio" au "SAP" kwenye rimoti na urudishe "English".