Baraza la Granaiti na Waya Unaochelewa

Mwaka jana mteja mmoja wa Mji wa Kale aliniomba nimchoree baraza la kuweka nje ya mlango wake. Hakutaka lile la mawe ya matumbawe na chokaa lililozoeleka katika nyumba za zamani za Mombasa. Alitaka la granaiti, ile ambayo kamusi huiita itale, na tena lenye umbo la mawimbi. Nilikubali upesi kuliko ilivyostahili, kwa kuwa nilikuwa nimeshaona katika karakana moja upande wa Changamwe mashine ya kukatia mawe kwa waya unaoongozwa na kompyuta, nami nikadhani kwamba chochote kinachochoreka kwenye skrini kitakatika pia kwenye jiwe.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na jiwe pole. Matumbawe yaliyotolewa baharini yalichongwa yangali mabichi, na ndiyo yaliyotupa vibla vya misikiti na zidaka za kumbini, kisha yakikauka yakawa magumu. Granaiti haina ubichi wa kuotea. Kwatzi iliyomo ndani yake ina ugumu wa 7 katika kipimo cha Mohs, kile cha ugumu wa madini kinachokwenda 1 hadi 10, ilhali kalsaiti inayounda marumaru ina 3 tu. Ndiyo maana granaiti tuliyoizoea ni ya mabamba ya jikoni na ya ngazi, yaliyokatwa kwa misumeno inayokwenda moja kwa moja.

Waya wenyewe ni kamba ya chuma yenye unene wa milimita 5 hivi, iliyotungwa shanga za madini zilizochanganywa na chembe za almasi ya kiwandani, karibu shanga 40 kwa kila mita, na plastiki ngumu ikijaza nafasi zilizo baina yake. Hupita juu ya magurudumu mawili makubwa, mfano wa kamba kwenye kapi, kwa mwendo wa mita 25 hivi kwa sekunde, ambao ni sawa na kilomita 90 kwa saa. Kabla ya kuziunganisha ncha, fundi huusokota waya mara moja au mbili kwa kila mita ili shanga zigeuke zinapokata na zilike pande zote; asipofanya hivyo, shanga hulika upande mmoja tu na waya huharibika kabla ya wakati wake. Hakuna anayeruhusiwa kusimama mkabala na mkondo wa waya ukiwa kazini, kwa sababu ukikatika shanga zake hurushwa kama risasi.

Jambo ambalo sikulifikiria ni kwamba waya uliokazwa ni mstari ulionyooka. Kompyuta inaweza kuupandisha, kuushusha, kuusogeza mbele na kurudisha nyuma, na hata kulizungusha jiwe juu ya meza yake, lakini kila uso utakaopatikana lazima uwe umefanywa kwa mistari iliyonyooka. Wimbi linapatikana, pia uso wa mviringo kama wa nguzo, na hata uso uliopinda kama ubawa, iwapo jiwe litageuzwa huku linakatwa. Msanifu Gaudí alibuni sehemu kubwa ya Sagrada Família, kanisa la Barcelona, kwa nyuso za namna hiyo. Bakuli halipatikani. Mchoro wangu wa kwanza ulikuwa na kikalio kilichobonyea katikati kama sahani, na fundi mkuu wa karakana aliutazama kwa muda, akaniuliza kwa upole, «Mwanangu, hapa waya utaingilia wapi?»

Nikachora upya, safari hii wimbi tupu, ila mahali ambapo kikalio kinakutana na egemeo niliacha pembe kali kwa kuwa ilipendeza machoni. Jiwe lilikuwa na urefu wa mita 1.8, upana wa 0.6 na kimo cha 0.9, uzito wake ukiwa karibu tani mbili na nusu. Kazi ilipokwisha, ncha zote mbili zilikuwa sawa na mchoro. Fundi akaichukua rula ndefu ya alumini, akailaza katika ile pembe kutoka ncha hadi ncha, nayo ikayumba kama mtumbwi mtupu: katikati ya baraza palibaki tumbo. Waya unaposukumwa ndani ya jiwe hupinda kidogo kwa kukinzwa, ncha zikatangulia na katikati ikachelewa. Penye mstari mrefu kuchelewa huko hakudhuru, lakini magurudumu yakigeuka ghafla penye pembe, ile sehemu ya katikati huikata njia kabla haijaifikia pembe. Dawa yake ni kuiviringa pembe, na kuiamuru mashine ipunguze mwendo, hata isimame kidogo, mpaka waya unyooke.

Maji nayo yalitugharimu. Waya hauwezi kukata bila maji ya kuupoza na ya kutuliza vumbi, na vumbi la granaiti lina silika inayoharibu mapafu. Maji ya kisima cha karakana yana chumvi, nayo chumvi hula chuma, basi ikabidi yanunuliwe ya boza, yazungushwe tena na tena baada ya tope kutuama katika matangi matatu.

Baraza la pili lilitoka vizuri. Waya ulipokaribia kumaliza, vijana walipigilia kabari ndani ya mkato ili sehemu ya juu isiukalie waya ikaubana. Kwa vile mkato una upana wa milimita 8 hivi tu, kile kipande cha juu kilitoka na wimbi lake mwenyewe, karibu pacha wa lile la chini, na mteja amekwisha kukitengea mahali uani. Kung'arisha ndiko kulikochukua siku nyingi, kwa kuwa waya huacha uso usiong'aa wenye mistari myembamba, na penye mpindo hakuna mashine, ni mkono na pedi za almasi tu.

Lile la kwanza liko bado pale karakana, chini ya mwembe. Vijana hulikalia saa nne wakinywa chai, na sinia ya mahamri huwekwa ukingoni, kwa sababu katikati haitulii.