Holstebro hadi Oslo na Ukumbi Ndani ya Lori

Tuliondoka Holstebro alfajiri, tukashika njia ya Viborg na Aalborg kuelekea bandari ya Hirtshals. Ndani ya lori mlikuwa na ukumbi mzima: mabenchi ya ngazi, zulia jeusi la sakafu, mapazia, taa, nyaya na maleba. Holstebro, mji wa magharibi mwa Denmark, uliwakaribisha kundi la maigizo la Odin Teatret mwaka 1966, miaka miwili baada ya mwongozaji Eugenio Barba kuanzisha kundi hilo jijini Oslo pamoja na vijana waliokataliwa na chuo cha uigizaji. Sisi tulikuwa tunaifuata safari yao kwa kurudi nyuma.

Odin walianza na tamthilia mpya za waandishi wa Nordiki, yaani nchi za kaskazini mwa Ulaya: Ornitofilene ya Jens Bjørneboe, kisha Kaspariana ya Ole Sarvig, kisha Ferai ya Peter Seeberg, iliyoonwa na watu 60 tu kila mara. Ukitaka watazamaji wakae pande mbili wakitazamana, waigizaji wakiwa katikati, ukumbi wenye viti vilivyofungwa sakafuni hukufai kitu. Ndiyo maana mabenchi yanasafiri.

Upakiaji una kanuni moja: kinachotangulia kushuka hupakiwa mwisho. Taa na nyaya hukaa mlangoni, kwa kuwa hutundikwa sakafu ikiwa bado tupu. Zulia hufuata, na mabenchi hukaa ndani kabisa. Kundi lenye michezo kadhaa hai kwa wakati mmoja lipake kila mchezo rangi yake kwenye masanduku, la sivyo boliti za huu zitakwenda na ule.

Norway haimo katika Umoja wa Ulaya, hivyo mzigo huvuka kwa hati ya ATA, hati ya forodha ya kuingiza vitu nchini kwa muda tu, yenye orodha ya kila kitu, uzito wake na thamani yake. Karatasi yake ya njano hugongwa muhuri Hirtshals kabla ya kupanda meli. Nyeupe hugongwa Larvik, bandari ya Norway, upande wa wenye mizigo ya kutangaza. Dereva akipitiliza ile ya njano, wakati wa kurudi hakuna ushahidi kwamba mzigo ulitoka Denmark. Mishumaa na chakula cha jukwaani havimo, kwa sababu hutumika vikaisha. Vitu hivyo tulivinunua Oslo.

Kizingiti kikubwa ni umeme, na hapa naomba mafundi wenzangu wasome taratibu. Denmark fezi tatu, yaani nyaya tatu zenye umeme, hutoa volti 400 pamoja na nyutro, waya wa kurudishia umeme. Majengo mengi ya Norway yana volti 230 kati ya fezi na fezi, bila nyutro kabisa. Plagi yetu nyekundu ya pini tano haiingii, na kulazimisha kwa adapta ya kienyeji ni kuunguza mitambo ya kupunguzia mwanga. Omba mchoro wa umeme wa ukumbi wiki kadhaa kabla, kisha ukodi transfoma huko huko. Yetu ilikuwa inatusubiri mlangoni.

Kilichobaki ni pembe za taa. Watazamaji wanapokabiliana, taa ya upande huu huwapiga machoni wa upande ule. Tulizipandisha juu, tukaziinamisha sana, tukafunga vibao vya pembeni vya kuzuia mwanga, kisha mtu mmoja akakaa kila safu ya benchi kuhakikisha hapofushwi. Safu ya chini ndiyo iliyotusumbua. Taa mbili zilibidi zihamishwe kabisa.