Wali wa usiku

Nilisema samahani. Hilo ndilo linaloniwasha tangu Jumanne.

Niliingia kwa mhasibu na kale kadaftari nilikompora Nasra, nikamwambia ovataimu yangu ya mwezi uliopita haimo kwenye mshahara. Usiku 12, saa 38, zote nimeziandika. Hakunyanyua hata kichwa. "Na ule wali mliokuwa mnakula usiku, Mama Nasra, nao ulikuwa kwenye mkataba?"

Nikasema, "Samahani." Nikatoka, na mlango nikaurudishia polepole, eti nisimsumbue.

Tangu hapo majibu yananijia kwenye daladala, nikikata vitunguu, nikiwa chooni. La jana lilikuwa tamu kweli, ila lilikuja saa tisa za usiku, na mhasibu kalala kwake. Shangazi katoka hospitali, posa ya mdogo wangu imekubaliwa, mimi bado niko kwenye wali.

Juzi Baba Nasra akachoka kunisikiliza, akachukua kalamu. Mnajua alivyo tangu enzi za chama cha wafanyakazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema wiki ni saa 45. Zinazozidi hulipwa mara moja na nusu. Mshahara wa mwezi ukiugawa kwa 195 unapata wa saa. Wangu 390,000, kwa hiyo saa ni 2,000, ya ziada 3,000. Mara 38: 114,000. Na hapo hatujagusa asilimia 5 ya usiku, inayoanza saa mbili.

"Watakwambia wewe ni msimamizi," akasema, maana wanaosimamia wenzao na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa, kipengele hicho hakiwahusu. Mimi namsimamia nani? Mashine ya kufungia mikate, nayo hainisikii.

Kisha nikamwambia: haya, toa na wali. Wa mama ntilie pale getini ni 2,000, na unapata mchicha juu. Sahani 12 ni 24,000. Bado wananidai? Hapana, nawadai 90,000! Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Na maharage yenyewe yalikuwa na mchanga.

Jumatatu narudi, safari hii na barua. Akigoma, ipo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku za kupeleka mgogoro wa kazi huko ni 60, nimezitia alama kwenye kalenda. Mkataba wangu unaisha Desemba, hilo nalo nalijua.

Barua nimeiandika kwenye kadaftari kalekale, ndipo nikaziona kurasa za mbele, za Nasra. Herufi zimekuwa kubwa kama za darasa la kwanza, zinaruka mistari. Nikamwita, nikamsimamisha mlangoni, nikamwambia anisomee tarehe niliyoizungushia wino mwekundu kwenye kalenda ya ukutani.

Akakunja macho. "Kalenda ipi, mama?"